Ng'ombe Wanaolala kwa Mama Shija

Wenzangu mnaobaki ofisini mmeniomba niwaandikie uzoefu wangu. Nimeanza mara kadhaa na kila mara kalamu imeikataa orodha ya vyeo, ikakimbilia vumbi, harufu ya wino wa stensili na sura za watu. Mwisho nimeiacha ikimbie. Vyeo vyangu vimo kwenye jalada langu, na kwa jinsi ninavyolijua kabati letu, jalada hilo limeshaliwa na mchwa upande mmoja.

Kwa ufupi, kazi yetu ilikuwa kujua watu wa Shinyanga na Geita wanaishi kwa kiasi gani, bila kuwa na fedha za kwenda kuwauliza. Kupita nyumba kwa nyumba kulihitaji magari, mafuta na posho, na hayo yote tulikuwa tukiyasikia tu. Badala yake tulichukua kumbukumbu ambazo serikali ilikuwa nazo tayari. Upande mmoja tuliweka kile watu wanachotoa, yaani kodi ya maendeleo, kodi ya mifugo na leseni za biashara. Upande wa pili tuliweka kile wanachopokea: pensheni, kiinua mgongo cha waliopunguzwa kazini, chakula cha msaada wakati wa njaa. Ukiulaza mkono unaotoa juu ya mkono unaopokea, katikati unaanza kuiona nyumba, na ndani yake unaona kama kuna moshi jikoni au hakuna.

Nilifika Shinyanga mjini miaka ya tisini ilipokuwa bado michanga, nikitokea kwetu Runzewe, nikiwa na sanduku la bati na Kisukuma chenye lafudhi ya Kisumbwa, kilichowachekesha watu kuanzia stendi. Ofisi ilikuwa vyumba viwili na dirisha linalotazama reli. Ndani alikaa mtu mmoja mrefu, mwembamba, ambaye kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa mara moja na ilikuwa inangoja kugeuzwa tena. Huyo ndiye Mzee Luhende, mwalimu wangu wa kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kuendesha baiskeli?"

"Najua."

"Vizuri." Akafungua droo akanikabidhi spoku moja iliyonyooka. "Baiskeli yenyewe ilishakufa. Imebaki hii kompyuta yake."

Nilidhani ananitania. Kumbe spoku ile ndiyo iliyobeba ofisi nzima. Kila kaya ilikuwa na kadi, na ukingoni mwa kila kadi palikuwa na mstari wa matundu. Tundu la kwanza lilikuwa la kodi ya maendeleo, la pili la mifugo, la tatu la pensheni, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Kaya iliyolipa au kupokea kitu fulani, tundu lake lilikatwa mpaka ukingoni likawa wazi, kwa kikatio cha tiketi alichoachiwa mzee na kondakta mmoja wa treni. Ukitaka kujua nani amelipa kodi ya mifugo na pia amepokea chakula, unapitisha spoku kwenye tundu la mifugo, unainua, unatikisa. Zilizokatwa zinaanguka. Unazikusanya, unapitisha spoku kwenye tundu la chakula, unatikisa tena. Zinazoanguka mara ya pili ndizo unazozitafuta. Nimeishi hadi kuziona kompyuta zenu zikifanya hivyo kwa kupepesa macho, lakini sijawahi kuusikia ndani yake mchakacho ule wa kadi zinazoshuka mezani, kama mvua ya kwanza juu ya majani makavu ya mtama.

Kadi tulizikata kutoka maboksi ya mashati ya Mzee Hirji, mwenye duka la nguo karibu na soko, ambaye babu yake alikuja na treni na hakuona sababu ya kuondoka. Alinipa maboksi bure, na kila mara alinisindikiza mpaka mlangoni.

"Chukua, binti, chukua yote. Lakini kwenye hesabu zako mimi maskini, sawa?"

"Leseni yako inasema vingine, mzee."

"Leseni haijui madeni ya wateja wangu. Andika maskini mwenye mashati."

Miezi ya kwanza tulitoa takwimu za ajabu. Daftari la kodi ya maendeleo lilimwandika mwanamume, kichwa kwa kichwa. Orodha ya chakula iliandika vyungu, na kwenye mji wa Msukuma mwenye wake watatu, vyungu ni vitatu na kila kimoja kina mwenyewe. Tulipoziunganisha bila kufikiri tukapata mkoa wa wanaume wasiokula na wanawake wasio na waume. Mzee Luhende alilitazama jedwali lile, akasema lingekuwa kweli ingekuwa raha kwa pande zote mbili. Ndipo aliponipa sheria ambayo nawaachia na ninyi. Kadi mbili zikigombana, msizipatanishe mezani. Nendeni mkaone.

Hivyo tulikwenda hadi Rwamgasa, kwenye dhahabu, ambako daftari la kodi lilikuwa karibu tupu na vilabu vya pombe vimejaa. Nikamkuta kijana ametoka kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia, amepakaa udongo mwekundu mpaka kope.

"Jina lako nani, kaka?"

"La hapa au la nyumbani?"

"La kodi."

"La kodi sina, dada. Waulize wenye risiti."

Wenzake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mwingine akaniambia niandike Tajiri Kesho, maana kwenye maduara yote wanamjua kwa jina hilo. Sikuliandika. Lakini tuliporudi mjini tulikwenda Ngokolo, kwenye nyumba za wake na mama wa wachimbaji, wanawake ambao kwenye kadi zetu hawakuwa na mlipa kodi wala msaada wa aina yoyote, wakati juu ya vichwa vyao mabati mapya yaliwaka jua mpaka unafumba macho. "Bati nalo ni risiti," akasema Mzee Luhende, na tukaongeza tundu.

Nilikuwa nimeshazoea kazi, hata nimeanza kujiona mjuzi, ulipokuja mwaka wa ukame. Mawingu yalikuja kila alasiri, yakasimama, yakatutazama, yakaenda zake. Pamba ilikufa ikiwa na urefu wa kidole. Watu walimaliza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kabla hata ya msimu wa kuitegemea kufika. Halmashauri iliahidiwa mahindi ya msaada, lakini si ya kutosha kata zote, na kamati ya chakula ikatuomba jedwali la kipato cha kaya kwa kila kata. Zilizo chini zitapata, zilizo juu zitangoja. Ilikuwa mara ya kwanza jedwali letu kwenda mahali pengine zaidi ya kabatini, na sitawaficha kwamba tulilipiga chapa kwa fahari.

Katibu wa kamati alikuwa Bwana Kisena, ambaye pia ndiye aliyekuwa afisa mapato. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba kila kitu chenye miguu minne kinapaswa kulipiwa kodi, meza ikiwemo. Alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari, na juu kabisa ya mstari ikabaki kata moja ya mashariki ya mji. Sitaitaja, kwa sababu mtakazoziona hapa chini.

"Hii ina mifugo kuliko zote," akasema. "Wangoje."

Niliifahamu kata ile. Niliwaona wanawake wake sokoni wakiuza sufuria zao. Nikarudi ofisini nikapitisha spoku kwenye mifugo, kisha kwenye chakula, nikatikisa, na kadi zikaanguka nyingi kuliko nilivyotazamia. Mojawapo ilikuwa ya mjane nitakayemwita Mama Shija. Kule kuna akina Mama Shija wa kutosha kumficha. Mwaka wa nyuma alipokea chakula cha msaada. Mwaka huohuo alilipa kodi ya ng'ombe wengi kama wa mtu mwenye gari.

Nikampelekea Bwana Kisena, nikidhani nimemletea shaka. Yeye aliipokea kama ushahidi.

"Tapeli huyo. Anakula mahindi ya serikali zizi limejaa. Na kumbe hayuko peke yake!" Akaifunika kalamu yake. "Malori yanafika mwisho wa wiki. Orodha ikishafungwa, imefungwa."

Nilirudi ofisini nikamsimulia Mzee Luhende, naye akaipokea habari kwa ubaridi. Lilikuwa jambo geni, kwa sababu kwa kawaida mbele ya kadi zinazogombana alichangamka kama mtu aliyealikwa harusini. Safari hii alitazama reli.

"Twende tukaone, mzee?"

"Twende," akasema, kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Tulifika asubuhi. Mama Shija alikuwa anafagia mbele ya nyumba, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na kanga iliyofifia mpaka maandishi yake hayasomeki. Zizi la miti ya miiba lilikuwa kando, na ndani yake ng'ombe walisimama wamekonda, wengi kweli, mifupa ya nyonga ikichomoza kama vigingi vya hema.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka." Akatuletea vigoda. Alipoona karatasi mkononi mwangu akakaa mbali kidogo.

"Mama Shija, hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Si unaona wanalala hapa?"

"Naona. Ni wako?"

"Wanalala hapa."

"Risiti ya kodi ina jina lako."

"Ndiyo. Kwa sababu wanalala hapa."

Alivyolitamka mara ya tatu, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, nikajisikia nimerudi uani kwa baba yangu Runzewe. Nusu ya ng'ombe waliolala kwetu hawakuwa wetu. Nilijua tangu nikiwa mdogo, na nilijua vilevile kwamba halizungumzwi mbele ya wageni. Wasukuma wanaita kubilisa. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki pamoja, kwa kuogopa ugonjwa, wezi na macho ya watu, bali anawagawa kwa watu anaowaamini, hata maskini. Anayetunza anapata maziwa, samadi, na ng'ombe wa kulimia. Ndama ni wa mwenyewe. Kodi mwenyewe anaileta kimyakimya, mtunzaji anakwenda kuilipa kwa jina lake. Wengine humkwepa mtoza kodi, wengine wakwe, na wengine, nimesikia, wake zao wenyewe. Ofisi yetu nzima tulikuwa watoto wa wafugaji. Jambo hili tulilijua sote, na sote tulilivua mlangoni pamoja na vumbi la viatu, tukaingia ndani na kuandika ng'ombe ni ng'ombe.

"Mama, nitajie tu mwenyewe ni nani, nikufute kwenye matajiri."

Akauweka ufagio chini.

"Mwanangu, nikikutajia, kesho anakuja na fimbo yake anawaswaga wote. Mwakani nitalimia nini, kucha? Nisipokutajia, mahindi yanapita pale barabarani yananipungia mkono. Nina wajukuu wanne ndani. Sasa nichagulie wewe. Nife kwa lipi?"

Tuliaga tukatembea hadi njia panda, na hapo Mzee Luhende akasimama katikati ya jua kali.

"Binti, na mimi wangu wanalala kwa watu."

"Wako, mzee?"

"Ningekuja kuulizwa, ningesema vilevile alivyosema. Na mtunzaji wangu angenitaja, ningewahamisha usiku uleule. Sijisifu. Nakwambia ujue kwamba si uongo, hili la kulala."

Nilimtazama mtu huyu aliyenifundisha kila nilichojua, na badala ya hasira nikapata swali.

"Mzee, jedwali letu linataka jina la mwenye ng'ombe?"

"Hapana."

"Linataka nini?"

Akafikiri. "Linataka kujua mama huyu ana nini."

"Sasa kwa nini tunamwuliza habari za mwenzake?"

Alinitazama, kisha akageuka na kuanza kurudi tulikotoka, kwa hatua ndefu hata nikawa namkimbilia. Mama Shija alipotuona tena akakunja uso.

"Mmesahau nini?"

"Swali," nikasema. "Tuseme mjukuu ameugua leo, unataka fedha za kumpeleka hospitali. Humo zizini utamtoa mnyama gani ukamuuze, bila kumwuliza mtu yeyote?"

Aliangalia zizi, akaangalia karatasi yangu, akatafuta mtego ulipo, asiuone.

"Mmoja," akasema.

"Ng'ombe gani?"

"Nani kasema ng'ombe? Yule mbuzi mweusi pale. Na mguu wake mbovu, sijui kama atafika sokoni."

Mzee Luhende ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata Mama Shija, na mimi nikaandika mbuzi mmoja, nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena mbele ya namba ndogo namna ile.

Siku zilizobaki tulipita kaya kwa kaya na swali lile moja. Mwanzoni kila mtu alijikaza. "Na jina la mwenyewe?" aliuliza mtendaji wa kijiji, akijifanya anatusaidia. Tukamwambia hatuliandiki, hatulitaki, hata mtu akilitaja kwa kupitiwa hatutalisikia. Akashusha pumzi, akatupeleka kwake, akawapunguza ng'ombe wake mwenyewe mpaka wakabaki wawili na dume. Wapo walioongeza vilevile. Mzee mmoja alisema anaweza kuuza ishirini bila kumwuliza mtu, mkewe akapiga kelele kutoka jikoni, "Jaribu uone!" Tukaandika kumi.

Jedwali jipya lilikuwa na safu mbili mahali palipokuwa na moja: ng'ombe wanaolala, na ng'ombe ambao kaya inaweza kuwauza yenyewe. Katika safu ya pili kata ile ilianguka kutoka juu hadi karibu na mwisho. Bwana Kisena alilisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Hawa wengine wote ni wa nani?"

"Hatukuuliza," nikasema.

"Hamkuuliza?"

"Kipato cha kaya hakihitaji."

"Mapato yanahitaji! Mmekaa na watu hawa siku zote hizo, mnarudi na mbuzi mwenye mguu mbovu? Nawapa mgambo, mrudi mkaniletee majina. La sivyo jedwali hili halisomwi kwenye kamati, natumia lile la kwanza."

Nikaona mahindi yakipita barabarani yakipunga mkono. Nilimwambia kwamba tukirudi na mgambo, tangu siku hiyo hakuna atakayetuambia hata habari za kuku, na kamati yake itagawa chakula kwa kubahatisha mpaka mwisho wa dunia. Akasema dunia haiishi Ijumaa, malori ndiyo yanafika Ijumaa.

Ndipo Mzee Luhende akavua kofia yake, akaiweka mezani juu ya jedwali.

"Bwana Kisena, anza na mimi. Wangu wanalala kwa watu wawili. Andika."

Mtu anayeishi kwa mshahara wa serikali hakuwa na sababu ya kulisema hilo mbele ya afisa mapato, na mzee alikuwa na miaka michache tu kabla ya pensheni yake.

"Umeandika? Haya." Sauti yake ilikuwa ya kirafiki kabisa, kama ya mtu anayeuliza habari za watoto. "Na wako wanalala wapi?"

Bwana Kisena aliangalia chai yake. Aliiangalia mpaka ikapata utando. Alikuwa mtu wa hapahapa, mtoto wa mfugaji, mkwe wa mfugaji. Hatimaye akaisogeza ile kofia taratibu, akachukua rula, na kuupiga mstari mwekundu upya.

"Wekeni maelezo chini ya jedwali," akasema bila kuinua macho. "Kwamba safu ya kwanza haitumiki."

Hakuliandika jina la Mzee Luhende. Hatukumwuliza sababu.

Swali lile tulilitumia hadi nilipostaafu. Tulilipeleka Rwamgasa pia, ambako mchimbaji anaweza kukaa juu ya mawe ya dhahabu ambayo yote ni ya mwenye duara, na ukimwuliza anaweza kuuza nini bila kumwuliza mtu, anakuonyesha tochi. Kila nilipofundisha kijana mgeni nilianza na hilo kabla ya fomula yoyote. Kazi yetu imenipa mengi mazuri, na kubwa kuliko yote ni kwamba ilinilazimisha kwenda kuwatazama watu usoni mwao kabla sijawaweka kwenye safu.

Lakini nimalize habari ya mahindi. Malori yalifika, yakateremsha magunia kwenye uwanja wa shule ya kata ile, na mimi nilitumwa kuhakiki majina. Foleni ilizunguka uwanja. Mama Shija alipofika mbele yangu alikuwa na kiroba chake kimekunjwa vizuri kwapani, na kanga ileile, imefuliwa.

"Mwanangu," akasema, akipokea tiketi yake, "na mimi nikuulize lako?"

"Uliza, mama."

"Wewe una nini unachoweza kukiuza bila kumwuliza mtu?"

Waliokuwa nyuma yake wakasogea wasikie. Nikafikiri. Nyumba ilikuwa ya serikali. Redio tulinunua mimi na mume wangu. Meza, kiti, kalamu niliyoshika, vyote vya halmashauri.

"Viatu," nikasema.

Akainama akavitazama, akanitazama na mimi, akacheka mpaka akashika kifua.

"Hivyo nani atanunua?" Akanishika mkono akanivuta kidogo. "Njoo, mwanangu. Panga foleni."